Bima ya Mkamata Mbwa

Mara ya kwanza kuiona damu ya Maren Tuttle ilikuwa ikichuruzika kwenye kiwiko chake, na mbwa mwekundu, mkubwa kama ndama, akining'inia mkononi mwake kwa meno. Hakupiga kelele. Alikuwa akimsemesha mnyama yule kama mtu anayembembeleza mtoto alale. "Haya, mzee, umeshinda, niachie sasa." Huku mkono wa pili ukiusokota mkanda wa shingoni taratibu, mpaka mbwa akakosa pumzi na kulegeza taya. Akamfungia garini, akaketi kwenye ngazi za nyumba ya watu, akaniambia, "Bernadine, nadhani mfupa umepigwa na upepo." Nikachungulia. Kweli, ulionekana, mweupe.

Mimi na yeye ndio tuliokuwa idara ya mbwa ya Kaunti ya Larkin, huku kwenye vilima vya Ohio ambako migodi ya makaa ilifungwa na watu wakabaki na bunduki, makanisa na mbwa. Mimi nilikuwa dereva, na pia mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa kaunti. Maren ndiye aliyeingia katika nyua za watu.

Alizaliwa hapahapa, akapewa jina la kiume ambalo silitaji, maana mwenyewe alilizika. Baba yake, Virgil Tuttle, alifuga mbwa wa kuwindia, na wawindaji walipopungua akaanza kufuga wa kupigana. Virgil aliamini mbwa, mke na mtoto wana dawa moja tu, nayo ni mnyororo. Mkewe alikufa mapema kwa saratani, na wengi tulisema amepumzika. Siku moja Virgil akamkuta mtoto chumbani amevaa gauni la marehemu mama yake, amekaa tu mbele ya kioo, kimya. Alimchapa kwa mnyororo mpaka mfupa wa bega ukavunjika, kisha akamburuta hadi bandani na kumfungia pamoja na mbwa jike mwenye watoto wachanga, akitegemea jike amalizie kazi. Jike akamnusa, akampa mgongo, akalala.

"Pale ndipo nilipojifunza kazi," Maren aliniambia. "Mbwa anakuonya kabla hajang'ata. Baba hakuwahi kunionya."

Aliishi kiume muda mrefu. Alifanya kazi machinjioni, akapigana katika kila baa kati ya hapa na mtoni, akalala rumande mara nyingi kuliko kitandani kwake. Mimi naona alikuwa akitafuta mtu wa kumuua, na hakuna aliyeweza. Kisha kaunti ikamwajiri, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyeitaka kazi ile. Na Jumatatu moja akaingia gereji amevaa hereni, amenyoa ndevu hadi ngozi ikang'aa, akasema kuanzia leo anaitwa Maren. Lilikuwa jina la mama yake.

Mkuu wetu, Odell Crabtree, mzee wa kutafuna tumbaku, akatema ndani ya kikombe. "Na mbwa watajua?"

"Mbwa wanajua tangu zamani, mkuu."

"Basi chukueni gari. Kuna mbuzi ameraruliwa huko kwenye kinu cha mbao."

Ingekuwa Larkin yote ni Odell, hadithi hii isingekuwepo. Lakini gereji tuligawana na mafundi wa barabara, na miongoni mwao alikuwepo Rusty Gantt, mwenye mdomo mpana na moyo mwembamba. Kila asubuhi ilikuwa, "Shikamoo, malkia! Umeamkaje, na kile kitu kimeamkaje?" Maren alipita akaenda kuvaa glavu. Akatundikiwa mkanda wa mbwa jike kwenye ndoano yake ya koti, akautundua akautupa. Ikaja asubuhi Rusty akamfuata mpaka kwenye banda letu la mbwa, akamshika nywele kwa nyuma ili wenzake waone kama ni zake au za dukani. Zilikuwa zake. Maren aligeuka na zile nywele zikiwa bado mkononi mwa Rusty, akamshika shingo na kumpigiza uso kwenye vyuma vya kizimba. Nilisikia pua ikivunjika kama karoti. Mbwa wote wakaripuka kwa kubweka. Akampigiza tena, na angeendelea kama nisingemrukia mgongoni na kumng'ang'ania kooni.

"Mwache! Maren, mwache, atakufa!"

"Hajafa," akasema, akihema. "Anapumua kwa mdomo tu."

Wote wawili wakasimamishwa kazi kwa muda. Bima ililipia pua ya Rusty, na ikalipia vidole vya Maren.

Na bima yetu ilikuwa nzuri, nisiidhulumu. Mwili wa Maren ulikuwa shamba lililolimwa kwa meno, na kila mtaro bima iliushona bila kuuliza. Lakini alipokwenda kwa daktari wa homoni, na daktari akamwambia hii ni hali inayotibika, kuna dawa na kuna upasuaji, bima ikasema hapana. Kulikuwa na mstari mmoja katika mkataba wake: chochote kinachohusu kubadili jinsia, hatulipi. Tulikwenda pamoja kwa Bi. Pomeroy wa ofisi ya utumishi, mama wa watu, mwenye bakuli la peremende mezani.

"Nimewapigia mwenyewe, mwanangu," akasema kwa aibu. "Wanasema hayo ni mambo ya urembo."

Maren akanyanyua mkono wake wenye makovu. "Urembo? Mimi?" Akacheka mpaka akatoa machozi, na Bi. Pomeroy akacheka naye, halafu ghafla Maren hakuwa akicheka tena.

Hakulalamika. Ilikuwa afadhali angelalamika. Alijilipia dawa mpaka mshahara ukawa hautoshi, kisha akaanza kununua vichupa kwa mtu mmoja kwenye kituo cha malori, dawa isiyojulikana imechanganywa wapi, na kujidunga pajani. Mchana mmoja wa joto kali, akiwa amembeba mbwa aliyegongwa na gari, akapepesuka kama mlevi na kuanguka naye. Niliikata suruali kwa kisu. Paja lilikuwa limevimba kama tikiti, jekundu, linanuka. Hospitali walimpasua wakatoa usaha wa kujaza beseni, wakasema angechelewa kidogo tu sumu ingefika moyoni.

Bima ikakataa kulipia. Jipu, walisema, limetokana na kile kisicholipiwa.

Nilikaa garini nikaupiga usukani ngumi mpaka honi ikakwama. Kisha nikaitisha mkutano wa chama, kwa sababu mkataba wetu na kaunti ulikuwa unakaribia kwisha, na kila mmoja alikuwa na haki ya kusema anachotaka mezani.

Tulikutana katika ukumbi wa wazima moto. Nilipomaliza kueleza akasimama Hollis Wray, dereva wa greda, mtu mzito, wa ibada, asiyependa utani.

"Dada Bernadine, mke wangu anatembea kwa kushika kuta. Goti lake bima imelikataa, na ikalikataa tena. Leo unataka nisimame barabarani na bango kwa ajili ya... ya hilo?"

"Hollis, aliyelikataa goti ni Maren?"

"Sijasema hivyo."

"Ni nani, basi?"

"Ni wao. Bima."

"Na aliyemkatalia Maren?"

Hapo Rusty, pua yake ikiwa imepinda bado, akapaza sauti kutoka nyuma: "Si alikuwa machinjioni huyo? Ajikate mwenyewe, visu anavyo!" Wengine wakacheka. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka birika la kahawa likiwa mkononi mwangu, halafu likiwa kifuani mwa Rusty, na ukumbi mzima ukasimama. Viti vilipaa. Fundi wa maji taka akang'olewa jino. Mtu alinivuta sweta likachanika, nami nikamng'ata mkono, jambo ambalo Maren alilisimulia kwa furaha kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe hakuinuka kitini. Alikaa ameshika magoti yake, ameyashika kwa nguvu, vidole vyeupe.

Tulipotulia, Hollis akanyanyua kiti kilichoanguka, akakaa, akafuta damu ya mtu mwingine shavuni. "Weka goti na hilo la Maren katika ombi moja," akasema. "Wakikataa, wakatae yote mawili wakinitazama usoni." Tukapiga kura na mashati yetu yakiwa na damu. Ikapita kwa shida. Rusty akakitupa kitambulisho chake cha chama sakafuni, akaondoka.

Makamishna wa kaunti, wenye kauli ya mwisho juu ya mkataba, walikuwa watatu, na waliitisha kikao cha kwanza cha wazi katika jengo la mahakama, ambako kaunti hufanyia vikao vyake. Siku ile ilikuwa ya matusi tu, ngumi hazikurushwa. Lakini gazeti la Larkin lilitoa picha ya Maren ukurasa wa mbele, na jina lake chini ya picha.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tuliitwa kwenye ghala la zamani la tumbaku ambako mbwa walikuwa wakipiganishwa. Askari wa kaunti waliingia kwa mlango wa mbele, na wanaume wakatawanyika kama panya, wakiruka madirishani na pesa zikimwagika mifukoni. Katikati kulikuwa na uwanja wa mbao uliolowa damu, na ndani yake mbwa wawili waliong'atana wasijue kwamba mabwana zao wamewakimbia. Nilibaki kuwatenganisha hao. Maren akaenda chumba cha nyuma, walikofungwa wengine.

Nilisikia sauti ya mwanamume mzee. Nikakimbilia mlangoni nikiwa na fimbo yangu ya kitanzi.

Virgil Tuttle alisimama kando ya ukuta, amemshika mbwa wa kijivu kwa mnyororo uliokunjwa mkononi. Hawakuwa wameonana tangu Maren alipobadili jina.

"Nimesoma gazetini," Virgil akasema. "Umeliiba jina la mke wangu."

"Mama angenipa mwenyewe, angeishi."

"Lirudishe."

"Mfunge mbwa, baba. Askari wako hapo nje."

Virgil akafungua kishikizo cha mnyororo.

Mbwa hakubweka. Waliofundishwa vizuri hawabweki. Alimrukia Maren kooni, na Maren akamkinga kwa mkono uleule uliozoea, wakaanguka wote. Safari hii hapakuwa na maneno ya kubembeleza. Mbwa alikuwa akitikisa kichwa, nyama ikichanika kwa sauti ya kitambaa, na mimi sikupata pa kuingiza kitanzi kwa jinsi walivyokuwa wakigaragara. Niliona uso wa Maren ukiamua. Akampandia mgongoni, akamkumbatia shingo, akakunja kwa uzito wake wote. Shingo ikalia. Miguu ya nyuma ikakwaruza mbao, ikaacha.

Katika miaka yote ile, Maren alikuwa hajawahi kumuua mbwa kwa mikono yake. Alibaki amemlalia yule mnyama, akilia kwa sauti, akisema, "Samahani, samahani, hukuwa na kosa." Hakumwona baba yake akichukua koleo la kuzolea kinyesi lililoegemezwa ukutani.

Pigo la kwanza lilimpata shavuni. Sitausahau mlio ule, na sitajaribu kuueleza. Kichwa kilizunguka, meno yakatawanyika sakafuni. Virgil akainua tena, akampiga begani, palepale pa zamani. Alipoinua mara ya tatu nilimchapa goti kwa fimbo kwa nguvu zangu zote, akaanguka, nikaendelea kumchapa. Mbavu, mikono, popote. Askari aliponishika bado nilikuwa nikipiga. Damu nzito kuliko maji, wanasema. Mimi siku ile niliosha damu ya Maren kwenye viatu vyangu kwa maji ya bomba, na ilitoka upesi tu.

Helikopta ilimpeleka mjini. Walimjenga taya upya kwa vyuma, wakamfunga meno yaliyobaki kwa waya, wakamshona mkono. Safari ile ya angani, madaktari, vyuma, vitanda, bima ikalipia kila kitu bila swali.

Kikao cha kura kilipofika, alikuwa bado hawezi kufungua mdomo. Nilimwambia nitamsemea. Akatikisa kichwa. Mahakama ilijaa mpaka kwenye korido, na askari wa kaunti walikuwa wamepekua watu mlangoni na kujaza ndoo visu vya kukunja. Mwenyekiti, Lyle Hutchens, ambaye kazi yake nyingine ni kuzika watu wa Larkin, aligonga meza mara nyingi bure. Kelele zilikuwa za uwanja wa mbwa. Maren akasimama, akaenda mbele, akaanza kusema.

Hakuna aliyesikia. Maneno yalipenya kwenye waya kama mvuke kwenye mfuniko wa sufuria. Mtu mmoja akasema, "Anasemaje?" Mwingine akasema, "Nyamazeni tusikie anasemaje." Na hivyo, kwa udadisi tu, ukumbi ukanyamaza.

"Mkono huu mmeulipia," Maren alikuwa akisema. "Vidole mmelipia. Taya hili mmelipia, na vyuma vyake, na helikopta. Baba akinivunja, mnalipa. Mbwa akinila, mnalipa. Nimewagharimu sana kwa kufa kidogo kidogo." Akapumzika, mate yenye damu yakimtoka, akayafuta kwa leso. "Nikiomba kuishi, mnaniambia ni urembo."

Akarudi kukaa.

Hutchens akamgeukia. "Bi. Tuttle," akasema, na palepale mtu akazomea kwa lile Bi., "mimi simwelewi Mungu katika jambo lako. Sikufichi. Lakini nimewaandaa vijana wa namna yako kwenye meza yangu ya maiti, nimewafunga kola juu ili mama zao wasione shingo. Sitaki kazi hiyo." Kamishna mmoja akapiga kura ya hapana. Bi. Fusco, wa pili, akasema ndiyo huku akitazama karatasi zake. Hutchens akasema ndiyo. Mstari ule ukafutwa kwenye bima ya wafanyakazi wote wa kaunti, na magoti yakaingizwa.

Kutoka nje ndiko kulikokuwa kazi. Ngazi za mahakama zilikuwa zimejaa watu, wengine hata hawakuwa wa kaunti yetu. Tulimweka Maren katikati, maana pigo moja dogo tu kwenye lile taya lingemmaliza. Walitutemea mate. Mwanamke mmoja alinikwaruza uso huku akisali. Kisha nikaona chupa ikija kutoka juu, imeshikwa shingo, ikilenga kichwa cha Maren, na Hollis Wray akaingiza kichwa chake. Chupa ikapasuka. Hollis hakuanguka. Aligeuka polepole kama greda lake, damu ikimfunika jicho, akamtwanga aliyeishika ngumi moja tu ya tumbo, na yule mtu akakaa chini kwenye ngazi kama amekumbuka jambo.

"Twende," Hollis akasema. "Mke wangu ananisubiri garini."

Maren alifanyiwa upasuaji wake vuli ile. Nilimpeleka mimi, nikamsubiri mimi, na alipozinduka alinitazama akauliza kama nimewalisha mbwa. Nilitaka kumpiga. Hutchens alipoteza kiti katika uchaguzi uliofuata, na mtu aliyemshinda aliapa kuurudisha mstari ule, lakini mkataba ulikuwa umeshatiwa saini, na mafundi wa barabara, wenye wake wenye magoti mapya, walimwambia asijaribu. Bado anajaribu kila mwaka. Odell alistaafu, na Maren akapewa idara. Tairi za gari lake zimechomwa visu mara kadhaa. Nyumba yake ilipigwa risasi dirishani, ikavunja friji.

Virgil alifungwa, akaachiwa kwa sababu ya maradhi. Asubuhi moja alikuja bandani akitembelea mkongojo, akitaka mbwa wake waliokamatwa siku ile.

"Hawapo," Maren akamwambia. "Waliopona nimewapa watu."

"Walikuwa mali yangu."

"Walikuwa."

Mzee akainua mkongojo. Hata sasa, mifupa mitupu, aliinua. Maren akamdaka kifundo cha mkono hewani. Mimi najua nguvu za mkono ule. Nimeuona ukivunja shingo. Wakasimama hivyo, mkongojo ukaanguka, na nikaona uso wa Virgil ukibadilika, kwa sababu naye alikuwa akizijua.

"Niache," akasema.

"Umeniogopa?"

Mzee akajaribu kuuvuta mkono wake, haukutoka.

"Nimekuuliza, baba."

"Ndiyo," mzee akasema.

Maren akamwachia. Akaokota mkongojo, akampa, akamfungulia geti. Gari la mzee lilipopotea alikwenda nyuma ya jengo, akafungua bomba na kunawa mikono hadi viwikoni, kwa muda mrefu. Nilimletea taulo. Akasema ana njaa, na kwamba mdomo wake sasa unaweza kambare wa kukaanga ikiwa hawakumkausha sana, basi tukapanda gari tukaenda kula.